MTANDAO UKIKATIKA, KAZI ISIKATIKE

Hapo zamani, kabla nchi yetu haijawa na barabara za magari, barua zilichukuliwa na matarishi waliokwenda kwa miguu. Tarishi alizipachika barua zake katika ufito uliopasuliwa ncha, akashika njia. Akikuta mto umefurika, alingoja ukingoni mpaka maji yapungue. Akifika mwisho wa zamu yake, alimkabidhi tarishi mwenzake, naye akaendelea. Hakuna aliyesema kwamba barua imepotea kwa kuwa mto umejaa. Barua ilichelewa, lakini ilifika.

Leo tunazo simu za mkononi ambazo hufikisha neno ng'ambo ya bahari kwa muda wa kupepesa jicho. Hayo ni maendeleo makubwa, wala hatuna nia ya kuyabeza. Lakini nyingi ya programu zilizomo ndani ya simu hizo zimeisahau hekima ya tarishi. Mawimbi yakikatika hazingoji ukingoni. Hutupa mzigo mtoni na kurudi nyumbani. Jambo hili linawagusa wafanyakazi na wakulima wengi wa nchi hii, na kwa hiyo yafaa tulitazame kwa makini.

KERENDE NA NCHI YOTE

Tuchukue mfano wa Kerende, katika mkoa wa Mara. Kijiji hicho ni jirani na machimbo ya dhahabu ya North Mara, upande wa kaskazini wa Mto Mara. Njia ya kutoka Tarime kwenda Mugumu hupita katika nchi hiyo ya Nyamongo, huvuka mto, kisha huingia wilaya ya Serengeti. Ni nchi ya vilima na mabonde. Na kila aliyesafiri katika nchi ya namna hiyo anajua tabia ya simu yake: juu ya kilima inasema, bondeni iko kimya, na umeme ukizimika hata mnara uliokuwa ukisikika unaweza kunyamaza.

Sasa tuseme katika kijiji cha namna hiyo yupo mhudumu wa afya ambaye asubuhi amezitembelea kaya kumi. Kila nyumba ameandika katika simu yake: huyu ana homa, yule ni mjamzito wa miezi saba, mtoto huyu hajapata chanjo. Tuseme pia yupo karani wa chama cha msingi anayepima kahawa ya wakulima na kuingiza kilo zake katika programu. Wote wawili wamefanya kazi yao kwa uaminifu. Jioni wanabonyeza kitufe cha kutuma, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu yanatokea maneno kwamba imeshindikana. Wakifungua tena, fomu ni tupu. Kazi ya kutwa nzima imepotea.

Je, lawama ni ya nani? Mara nyingi humwangukia yule mdogo. Mkuu wake aliye mjini anaona tu kwamba taarifa haikufika, na anaandika katika kitabu chake kwamba mtumishi huyu ni mzembe. Mtumishi naye hupanda kilima usiku kutafuta mawimbi, na salio analotumia ni la mfukoni mwake. Sisi tunasema kwamba huo si uzembe wake. Ni kosa la aliyeitengeneza programu akiwa amekaa mahali ambapo mtandao haukatiki, akadhani kwamba dunia yote inafanana na meza yake.

Wala isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya vijijini tu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Intaneti ikadhoofika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Siku hiyo mtu wa ghorofani alionja alichokizoea mtu wa bondeni. Kukatika kwa mtandao ni hali ya kawaida ya dunia, kama mvua na kiangazi, na mwenye busara hujenga nyumba yake akijua kwamba mvua itanyesha.

KWA NINI MTANDAO WA KAWAIDA HAUVUMILII

Yatupasa tueleze chanzo cha udhaifu huu. Intaneti tunayoitumia ilijengwa juu ya dhana moja kubwa, nayo ni kwamba wakati wa kuzungumza, njia yote kutoka kwa msemaji mpaka kwa msikilizaji iko wazi kwa wakati mmoja. Kabla ya kupeleka neno lolote, mashine mbili hubisha hodi na kuitikiana. Mmoja asipoitika, mwenziwe hurudia hodi mara kadhaa, kisha hukata tamaa. Kama kipande kimoja tu cha njia kimekatika, hata kikiwa kidogo namna gani, hakuna kinachopita.

Posta haifanyi hivyo. Mtu wa Musoma anapoandika barua kwa nduguye wa Mtwara, haihitajiki gari la Musoma na gari la Mtwara yawe barabarani kwa saa moja. Barua hukaa hapa, ikasafiri kidogo, ikakaa pale, ikasafiri tena, na mwisho hulala ndani ya sanduku mpaka mwenyewe aje na ufunguo. Kila kituo hutunza barua mpaka kituo kinachofuata kiipokee.

Hata katika simu zetu hekima hii haikupotea kabisa. Ujumbe mfupi wa maandishi, ambao wa kwanza ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, hufuata desturi ya posta. Ukimwandikia mtu ambaye simu yake imezimwa, ujumbe hutunzwa katika kituo cha kampuni kwa muda uliowekwa, na akiwasha simu humfikia. Na watumiaji wa WhatsApp wanazijua tiki zake: moja maana yake ujumbe umeondoka kwako, mbili maana yake umemfikia mwenzio. Kati ya tiki ya kwanza na ya pili yaweza kupita dakika au siku, na hakuna anayeona ajabu.

Nguvu ya ujumbe mfupi ilionekana hapa hapa Tanzania. Mwaka 2009 ulianza mpango ulioitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo vya afya 129 vilitakiwa kila wiki kueleza, kwa ujumbe mfupi wa simu, akiba yao ya dawa za malaria. Mwanzoni vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa aina moja au zaidi ya dawa hizo. Wiki ya 21 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 26 katika kila 100. Mpango huo haukungoja kila zahanati ipate mtandao wa kasi. Ilitosha ujumbe uweze kungoja na hatimaye kufika, na mkuu wa wilaya wa dawa ajue ni wapi pa kupeleka shehena.

WATAALAMU WALIVYOJIFUNZA KUTOKA MBINGUNI

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wataalamu walirudi kwenye njia ya tarishi kwa kutazama mbinguni. Mwaka 1998 Vint Cerf, mmoja wa waliobuni kanuni za intaneti, pamoja na wataalamu wa maabara ya NASA iliyoko California, walianza kufikiri namna ya kupeleka mawasiliano katikati ya sayari. Kutoka duniani hadi Mirihi neno huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22, kwa kadiri sayari hizo zinavyokaribiana au kuachana. Tena sayari huzunguka, na chombo kikijificha nyuma yake hakisikii kitu. Hodi za kawaida hazifai huko.

Mwaka 2003 mtaalamu mwingine wa Marekani, Kevin Fall, alionyesha kwamba shida ya mbinguni na shida ya kijiji kisicho na mnara ni shida moja, na dawa yake ni moja. Mwaka 2007 kanuni za mtandao unaovumilia ucheleweshaji zilichapishwa ili kila mtu azitumie, na Januari 2022 likatoka toleo lake la saba. Novemba 2008 NASA ilikuwa imekwisha kuzijaribu kwa kupeleka picha kwenye chombo kilichokuwa umbali wa kilomita milioni 32 hivi.

Kanuni hizo si ngumu kueleweka. Maneno, picha au hesabu hufungwa pamoja katika furushi moja linalojitegemea, ambalo sisi tutaliita bahasha. Juu ya bahasha huandikwa jina la mpelekaji, jina la mpokeaji, na muda ambao bahasha ina manufaa. Muda huo ukipita, hutupwa ili isijaze nafasi bure. Kila chombo njiani, kiwe simu, kompyuta au kisanduku kilichofungwa ndani ya basi, hutunza bahasha katika kumbukumbu yake. Kikikutana na chombo kingine, huikabidhi. Kisipokutana na chochote, hungoja.

Swali gumu ni hili: akabidhiwe nani? Hapa wataalamu wana njia kadhaa. Njia ya kwanza ni kumpa nakala kila unayekutana naye, kama uvumi unavyoenea gulioni. Njia hii hufikisha, lakini hujaza kumbukumbu na kumaliza betri za watu wengi. Njia ya pili ni kutoa nakala chache zilizohesabiwa, kisha kungoja. Njia ya tatu, iliyochapishwa kama kanuni mwaka 2012, ni kukumbuka nani hukutana na nani. Kama dereva fulani hufika Mugumu kila Jumatano, bahasha ya Mugumu apewe yeye, asipewe mwenye duka asiyetoka kijijini. Wazee wetu walifanya hivyo hivyo. Mtu aliyetaka kupeleka salamu kwa mkwewe aliuliza kwanza ni nani aendaye mnadani, kisha akamkabidhi huyo salamu zake.

MIFANO ILIYO KARIBU NASI

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya nadharia. La, yamekwisha kufanyika, na mengine yamefanyika jirani.

Januari 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha punda milia wa Kenya mikanda ya shingoni yenye vyombo vya kupima mahali walipo. Porini hapakuwa na mnara. Kwa hiyo mikanda ilifundishwa kuzungumza: punda milia wawili wakikaribiana, kila mkanda uliupa mwenziwe habari zake. Mtafiti aliyepita kwa gari akimkuta mnyama mmoja, alipata habari za mwingine ambaye hakumwona kwa macho. Nasi, ambao kila mwaka tunawaona punda milia na nyumbu wa Serengeti wakiuvuka Mto Mara, tungeweza kuuliza: ikiwa punda milia waliweza kuchukuliana barua, wanadamu wa kando ya mto huo huo watashindwaje?

Huko Kambodia, mwaka 2003, pikipiki zilifungwa vyombo vya redio zikapita katika shule za mkoa wa Ratanakiri. Pikipiki ilipofika shuleni ilipokea barua za waalimu na wanafunzi bila ya mtu kugusa kitu, na iliporudi mjini barua ziliingia katika intaneti. Nchini Sweden, katika Chuo cha Kifalme cha Teknolojia cha Stockholm, wanafunzi walianza mwaka 2009 kutengeneza programu iitwayo Bytewalla, ambayo huigeuza simu ya kawaida ya Android kuwa mkoba wa tarishi. Msafiri anatoka kijijini, simu yake imebeba bahasha, na akifika mjini zinaondoka zenyewe.

Chuo hicho si kigeni kwa mkoa wa Mara. Pamoja na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, kilishiriki katika mradi wa mtandao wa kasi wa vijijini uliofanyiwa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti, na habari zake zikaandikwa mwaka 2008. Mara imekwisha kuwa darasa la mambo haya, na hakuna sababu isiendelee kuwa darasa.

MIPAKA YAKE

Tusiwadanganye wasomaji wetu kwamba dawa hii hutibu kila ugonjwa. Mama anayetokwa damu usiku wa manane hawezi kungoja bahasha isafiri na basi la asubuhi. Yeye anahitaji sauti ya daktari na gari la wagonjwa saa ile ile, na hiyo ni kazi ya mnara, barabara na zahanati. Fedha nazo zina taabu yake: mtu anayelipa kwa simu isiyo na mtandao aweza kulipa shilingi zile zile mara mbili, kwa watu wawili ambao hawajaonana. Kwa hiyo malipo yahitaji kinga zaidi.

Iko pia hatari ya siri. Bahasha inayopita katika simu ya mtu baki lazima iwe imefungwa kwa lakiri, maana yake iwe imefumbwa kwa namna ambayo mchukuzi haisomi wala haibadilishi. Habari za mgonjwa wa Kifua Kikuu si za kupigiwa gumzo kijiweni. Na mchukuzi naye ana haki zake. Betri ni yake, na nafasi ndani ya simu ni yake. Asibebeshwe mzigo bila ya ridhaa, na kama kazi yake ina faida kwa shirika, basi alipwe. Hatuoni heshima yoyote katika kumfanya dereva wa bodaboda kuwa punda wa bure wa watu wenye fedha.

La mwisho katika mipaka, na ndilo zito kuliko yote: uvumilivu wa mashine usigeuzwe kuwa udhuru wa wakubwa. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sababu ilionekana kwamba makampuni yakiachiwa hesabu za faida peke yake, yatajenga minara penye watu wengi na kuacha vijiji vya mbali. Kazi ya Mfuko huo ingali inahitajika. Asitokee mtu akawaambia wananchi wa Kerende, au wa mahali pengine popote, kwamba hawahitaji mnara kwa kuwa wana programu inayojua kungoja. Tarishi alivumilia mto uliofurika. Hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba daraja lisijengwe.

YATUPASAYO KUTENDA

Basi nini kifanyike? Sisi tunatoa mashauri manne.

Kwanza, kila ofisi, shirika na chama cha ushirika kinachonunua programu kwa ajili ya kazi za vijijini kiweke sharti katika mkataba: programu ifanye kazi yote bila ya mtandao, itunze kilichoandikwa, na ipeleke yenyewe mawimbi yakirudi. Mtengenezaji asilipwe mpaka programu imejaribiwa bondeni, simu ikiwa ya bei nafuu na betri yake imechoka. Jaribio la ofisini peke yake si jaribio.

Pili, programu imwambie mtumishi ukweli. Imwonyeshe waziwazi kwamba jambo hili limetunzwa, hili limeondoka, na hili limepokewa. Iandike pia saa ambayo kazi ilifanyika, mbali na saa ambayo taarifa ilifika. Hapo mkuu wa kazi hatakuwa na njia ya kumwadhibu mtu kwa kosa la mawimbi, wala mzembe wa kweli hatapata mahali pa kujificha. Vyama vya wafanyakazi vinapaswa kulishika neno hili, kwa kuwa ni haki ya mfanyakazi kama ilivyo haki yake kupewa vyombo vya kazi.

Tatu, vyuo vyetu vya ufundi vifanye majaribio kwa vyombo tulivyo navyo. Mabasi hupita Tarime na Mugumu, magari ya chanjo huenda zahanati, na bodaboda hufika hata pasipofika gari. Kompyuta ndogo ya bei nafuu ndani ya basi, na nyingine shuleni, zatosha kuanzia. Vijana wetu wana akili. Wanachohitaji ni kupewa kazi yenye maana.

Nne, salio na vifurushi vya simu vinavyotumika kwa kazi ya umma vilipwe na umma. Hili halihitaji sayansi yoyote. Linahitaji uadilifu tu.

Ndugu wasomaji, nchi kubwa kama yetu haiwezi kuunganishwa siku moja. Patakuwa na mabonde yasiyo na mawimbi kwa muda, na patakuwa na nyaya zitakazokatika hata baada ya minara kujaa kila kilima. Lakini kati ya kukatika kwa mtandao na kukatika kwa kazi pana tofauti kubwa, na tofauti hiyo imo mikononi mwetu. Mhudumu wa afya aliyetembea kutwa juani akiandika jina la mama mjamzito wa miezi saba anastahili kulala akijua kwamba jina lile halikutupwa mtoni. Liko ukingoni, limetunzwa, na maji yakipungua litavuka.